Nondo za bure mtandaoni: mwongozo kamili kwa mwanafunzi mwenye bando dogo

Kila mwaka wa masomo unapoanza, wadogo zetu wa mwaka wa kwanza huuliza swali lilelile pale kwenye vimbweta: "Dada, wewe huwa unasoma wapi mtandaoni?" Wanategemea jina la tovuti moja, basi yaishe. Jibu langu huwa refu, maana shida ya mwanafunzi wa huku kwetu si uhaba wa vitu vya kusoma. Vipo tele, tena vya bure. Shida ni kwamba tunavifuata tukiwa hewani: data imewashwa, meseji zinaingia, video zinajicheza zenyewe, na ukija kushtuka bando limekata na ukurasa ni uleule. Kwa hiyo mwongozo huu unasimama kwenye kanuni moja: shusha kwanza, zima data, ndipo usome. Karibu vyote ninavyovipendekeza vinakubali kanuni hiyo. Kimoja hakikubali, na nikifika hapo nitasema kwa nini kinastahili MB zako.

Hatua ya 1: Jua MB zinakwenda wapi

Maandishi matupu ni mepesi mno. Riwaya ya kurasa 300 katika faili la EPUB (aina ya faili la kitabu cha kusomea kwenye simu) lisilo na picha kwa kawaida haifiki hata MB 1. Sauti iliyorekodiwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde inakula kama MB 29 kwa saa. Ukiichukua kwa kilobiti 128 inakuwa MB 58 hivi, na kwa mtu anayesoma kitabu au anayehojiwa, sikio halitaona tofauti ya maana. Muziki ni habari nyingine. PDF ya kitabu kilichopigwa skani inadanganya: unadhani ni maandishi, kumbe kila ukurasa ni picha, na kitabu kimoja chaweza kuzidi MB 30. Video iko mbali kabisa na hivyo vyote.

Maana yake ni kwamba bando la GB 1, ambalo rafiki yako analimaliza kwa video za jioni moja, kwako ni riwaya mia na ushee pamoja na saa nyingi za redio. Kila unapotaka kushusha kitu, uliza kwanza kama kipo kwa maandishi. Kama hakipo, uliza kama kipo kwa sauti. Video iwe ya mwisho, na uichukulie kwenye Wi-Fi ya chuo.

Hatua ya 2: Programu tatu zinatosha

Simu za wanafunzi wengi zina nafasi ndogo, kwa hiyo usijaze programu kumi za kusomea. Weka ReadEra kwa ajili ya vitabu: ni ya bure, haina matangazo, haikudai kujiandikisha, na inafungua EPUB, PDF na hata faili za Word anazotuma mwalimu. Weka AntennaPod kwa ajili ya podikasti; nayo ni ya bure na haina matangazo yake yenyewe. Ya tatu ni Kiwix, ambayo nitaieleza kwa kirefu.

Ukishaiweka AntennaPod, ingia kwenye mipangilio uhakikishe inashusha vipindi kwenye Wi-Fi tu. Usiache hivihivi. Kwenye ReadEra, ongeza ukubwa wa herufi na weka rangi ya karatasi iliyofifia, maana kusoma kitabu kizima kwenye kioo cheupe usiku kunachosha macho.

Halafu tengeneza folda moja kwenye memori kadi, na kila faili ulipe jina linaloeleweka: mwandishi, kichwa, mwaka. Faili lenye jina la tarakimu ishirini ulilolipokea kwenye kundi la darasa hutalipata tena wiki ya mitihani.

Hatua ya 3: Beba maktaba mfukoni kwa Kiwix

Kama ningeambiwa nipendekeze kitu kimoja tu, ningetaja Kiwix. Ilianzishwa mwaka 2007 na kazi yake ni kukuwezesha kusoma Wikipedia na maktaba nyingine bila intaneti kabisa. Kila maktaba imefungwa katika faili moja lenye mwisho wa .zim. Unalishusha mara moja, na kuanzia hapo unatafuta na kufungua makala hata ukiwa kijijini kusikoshika mtandao.

Ukifungua sehemu ya kushusha, chagua lugha kwanza, la sivyo utazama kwenye orodha ya lugha za dunia nzima. Kisha angalia toleo. "Maxi" ina makala kamili na picha, "nopic" ina makala kamili bila picha, "mini" ina utangulizi wa kila makala tu. Kwa mwanafunzi mwenye kadi ya GB 32, nopic ndiyo ya kuchukua. Wikipedia nzima ya Kiingereza yenye picha ni kama GB 100, isikutamanishe. Anza na ya Kiswahili, kisha uongeze mkusanyiko wa Kiingereza wa somo lako tu: kuna wa fizikia, wa kemia, wa historia, wa tiba na mingineyo.

Kuhusu hiyo ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, niseme wazi kwamba makala zake hazilingani. Nyingine ni za kina na zina marejeleo mazuri, nyingine ni mistari mitatu iliyoachwa yatima. Mimi naisoma kabla ya kitabu cha Kiingereza, ili niwe nimeshalishika jambo kwa lugha ninayofikiria kwayo. Kwa kazi hiyo inatosha, na kwa kunukuu kwenye insha ya chuo haitoshi.

Sasa mtego wa memori kadi. Kadi nyingi za GB 32 kushuka chini hutoka dukani zikiwa zimefomatiwa kwa mfumo wa FAT32, na mfumo huo haupokei faili moja linalozidi GB 4. Kadi inaweza kuwa na GB 20 tupu na bado ikakataa faili la GB 5. Ukikutana na hilo usirudi dukani kugombana. Ama chagua mkusanyiko mdogo zaidi, ama hamishia vitu vyako kwenye kompyuta, ufomati kadi kwa mfumo wa exFAT, kisha uvirudishe. Kufomati kunafuta kila kitu, kwa hiyo hamisha kwanza, na uthibitishe kwamba simu yako inausoma mfumo huo.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui hata kama wana Kiwix: simu moja inaweza kulisha chumba kizima cha hosteli. Fungua hotspoti ya simu yako. Ndani ya Kiwix nenda kwenye menyu, chagua sehemu ya kuandaa vitabu kwa ajili ya wengine, weka tiki kwenye maktaba unazotaka, bonyeza kuanza. Simu itakuonyesha anwani ya namba, aghalabu inayoanza na 192.168. Mwenzako anajiunga na hotspoti yako, anaiandika anwani hiyo kwenye kivinjari chake, na Wikipedia inafunguka kwake bila yeye kuwa na Kiwix wala bando. Inafanya kazi hata kwenye kompyuta. Ila zima data ya laini kabla ya kufungua hotspoti. Vinginevyo wenzako watasoma makala mbili, kisha watahamia Instagram kwa bando lako. Nawajua.

Mwenye mdogo wake wa sekondari anayechukua sayansi aangalie pia PhET, majaribio ya kuchezea ya fizikia, kemia na hisabati yaliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Colorado Boulder. Yapo ndani ya Kiwix, na mengi yametafsiriwa kwa Kiswahili. Shule isiyo na maabara inapata angalau mahali pa kuunganisha saketi bila kuunguza kitu. Kwa vitabu vya kiada vyenyewe, Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yake. Jiandikishe mara moja tu.

Hatua ya 4: Panga masikio yako

Kwenye daladala, kwenye foleni ya kantini, wakati wa kufua, hapo macho hayana nafasi lakini masikio yanayo. Idhaa za kimataifa za Kiswahili ndizo hazina iliyopuuzwa kuliko zote, pengine kwa sababu tunazihesabu kuwa za wazee. BBC ya Uingereza imetangaza kwa Kiswahili tangu mwaka 1957 na Deutsche Welle ya Ujerumani tangu 1963, na vipindi vyao sasa vinapatikana mtandaoni.

Ninachokifanya ni kuchukua habari moja kubwa, tuseme ya mashariki mwa Kongo, na kuisikiliza pande zote mbili siku hiyohiyo. Nasikiliza nani amehojiwa kwanza, nani hakuhojiwa kabisa, na kitenzi gani kimetumika: wapiganaji "wameteka" mji au "wameingia"? Mtu anayesoma uandishi wa habari, sayansi ya siasa au isimu atapata humo mada ya insha bila kutoka kitandani.

Deutsche Welle pia ina Noa Bongo, michezo ya redio kwa vijana iliyoanza mwaka 2008. Mada zake ni afya, haki, mazingira, biashara ndogo na nyinginezo, na imeigizwa vizuri. Mimi mchezo wa redio nauweka juu ya mahojiano mengi ya podikasti za siku hizi, ambako watu wawili wanacheka dakika ishirini kabla ya kusema jambo.

Kwa Kiswahili chenyewe, nenda Habari za UN, idhaa ya Kiswahili ya Umoja wa Mataifa. Ina jarida la sauti la dakika chache siku za kazi, na ndani yake kuna sehemu ya kujifunza Kiswahili ambamo wataalamu wa lugha, wakiwemo wa BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa), wanafafanua maneno na methali. Habari zake nyingi zina maandishi pamoja na sauti, kwa hiyo unaweza kusikiliza huku unafuatilia kwa macho. Wanaojiandaa kuwa wakalimani waanzie hapo: sikiliza aya, simamisha, iseme kwa Kiingereza, kisha ulinganishe na habari hiyohiyo kwenye ukurasa wa Kiingereza wa UN. Inachosha, na ndiyo faida yake.

Hatua ya 5: Vitabu na hadithi

Project Gutenberg ilianza mwaka 1971, wakati Michael Hart alipoandika kwenye kompyuta ya Chuo Kikuu cha Illinois Azimio la Uhuru wa Marekani ili wengine walisome. Leo ina vitabu zaidi ya 70,000, ambavyo kwa sehemu kubwa hakimiliki yake imekwisha huko Marekani. Ni vya zamani, na vingi ni vya Kiingereza. Kiswahili ni haba mno, usijichoshe kukitafuta. Ila ukisoma fasihi ya Kiingereza au falsafa, nusu ya orodha ya mwalimu unaweza kuikuta humo. Ukifungua ukurasa wa kitabu utaona matoleo kadhaa. Chukua EPUB isiyo na picha.

Kisha fanya hivi. Nenda LibriVox, ambako tangu mwaka 2005 watu wanaojitolea wanasoma kwa sauti vitabu vya aina hiyohiyo. Tafuta kitabu ulichokwisha kukishusha, na ushushe sura zake kwa kilobiti 64. Kitabu kiko ReadEra, sauti iko masikioni, unakwenda navyo pamoja. Kwa sisi tuliosoma Kiingereza kwa macho zaidi ya masikio, sura tano za namna hiyo zinarekebisha matamshi kuliko kozi nzima. Wasomaji wanatofautiana, wengine wanasoma kama wanawahi basi. Kwa vitabu maarufu mara nyingi kuna usomaji zaidi ya mmoja, basi badilisha.

Internet Archive ya San Francisco, iliyoanzishwa mwaka 1996, ni pana zaidi na ni vurugu zaidi. Humo nimeona sarufi za Kiswahili za wamisionari, ripoti za kikoloni na kamusi ambazo hata maktaba kubwa hapa nchini huzigusi bila kibali. Vitabu visivyo na hakimiliki unavishusha moja kwa moja. Vyenye hakimiliki unaazima kwa akaunti, mara nyingi kwa saa moja moja, na baada ya wachapishaji kushinda kesi dhidi yao mwaka 2023, zaidi ya vitabu 500,000 viliondolewa kwenye uazimaji. Kwa hiyo usishangae kitabu ulichokisikia kwa kaka zako kimefungwa. Jihadhari pia na EPUB za humo: zimetengenezwa na mashine kutoka kwenye picha za kurasa, na mashine haijui Kiswahili. Kila ng' itakuwa imevurugwa. Kwa kitabu unachotaka kukinukuu, vumilia PDF nzito.

Kwa hadithi za karibu na nyumbani nina mbili. African Storybook ya Afrika Kusini ina hadithi za picha kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na leseni yake inakuruhusu kuzishusha, kuzichapisha, hata kuzitafsiri upya. Mnaokwenda mazoezi ya ualimu shule za msingi zisizo na vitabu vya ziada, chapeni tano steshenari kabla ya kusafiri. Ya pili ni toleo la tafsiri la mwaka 2016 la Jalada Africa, jarida la mtandaoni la waandishi wa Afrika: hadithi fupi ya Ngũgĩ wa Thiong'o iliyoandikwa kwa Kigikuyu, kuhusu viungo vya mwili vilivyoonea wivu ushirikiano wa mikono na miguu, ikatafsiriwa kwa lugha zaidi ya 30, Kiswahili kikiwemo. Fungua tafsiri mbili kando kwa kando. Ni fupi, utaimaliza kwa mkao mmoja.

Hatua ya 6: Toka kwenye madesa, ingia kwenye majarida

Madesa, yaani zile notsi fupi tunazorithishana, yana kazi yake usiku wa kuamkia mtihani. Insha ya alama nzuri inataka makala za kitaaluma, na watu wengi wanaamini ni za kulipia. Kwa Kiswahili si hivyo. Swahili Forum, lililoanza mwaka 1994 huko Ujerumani, lipo lote bure kwa PDF, na baadhi ya makala zake zimeandikwa kwa Kiswahili. Kioo cha Lugha la Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam linapatikana kupitia AJOL, hifadhi ya majarida ya Afrika yenye makao yake Afrika Kusini.

Tuseme umepewa mada ya misimu ya vijana wa mjini. Usiandike swali zima la mwalimu kwenye kisanduku cha kutafutia. Andika maneno mawili: misimu, Kiswahili. Matokeo yakiwa machache, badilisha moja: lugha, vijana. Fungua vichwa vitatu vinavyofaa, soma ikisiri tu (ule muhtasari wa mwanzoni), na ushushe vile ambavyo ikisiri yake inagusa swali lako. AJOL huweka alama kuonyesha makala ipi ni ya bure. Ukikuta ya kulipia, nakili kichwa chake ukitafute kwenye tovuti ya jarida lenyewe kabla ya kukata tamaa. Ukishazima data, anza na ikisiri, ruka hadi hitimisho, kisha marejeleo. Marejeleo ndiyo yatakayokupa makala nyingine nne. Katikati ya makala utaisoma mwisho, ukiwa tayari unajua unatafuta nini.

Andika kwenye daftari la karatasi, si kwenye simu: jina la mwandishi, mwaka, ukurasa, na sentensi moja ya maneno yako mwenyewe. Siku ya kuandika insha hutakuwa na muda wa kufungua PDF kumi kutafuta ukurasa.

Hatua ya 7: Kimoja kinachostahili MB

Mpango wa Nyaraka Zilizo Hatarini wa Maktaba ya Uingereza uligharamia kupigwa picha kwa hati za Msikiti wa Riyadha wa Lamu, Kenya, ule ulioasisiwa na mwanachuoni Habib Saleh, na picha hizo zipo wazi mtandaoni. Ni nzito, zinataka uwe hewani, na sehemu kubwa ni za Kiarabu. Lakini kuza ukurasa mmoja tu uone wino, maelezo ya pembeni yaliyoongezwa na mikono ya baadaye, na karatasi iliyoliwa na wadudu. Mwanafunzi wa historia anayesoma kila mwaka kwamba pwani ilikuwa na usomi wake kabla ya shule za wakoloni, hapo anauona usomi wenyewe. Fanya hivyo kwenye kompyuta ya maktaba ya chuo, si kwa bando lako.

Hatua ya 8: Chuja kabla hujasambaza

Hapa sina mengi. Habari ikikuchemsha damu, itafute kwanza kwa PesaCheck au NuktaFakti, wanaohakiki taarifa na kuandika kwa Kiswahili. Kama hawajaigusa, tafuta tarehe na mahali ilipotoka mara ya kwanza. Picha nyingi za mafuriko zinazozunguka kwenye magrupu kila masika ni za miaka mingine.

Hatua ya 9: Siku moja ya kushusha

Chagua siku moja ya wiki uende mahali penye Wi-Fi, ukiwa na orodha kwenye daftari. Mimi huchukua makala tatu za somo, kitabu kimoja, vipindi vya redio vya kutosha safari za wiki, na hadithi moja ya starehe. Ukifika bila orodha, saa mbili zitaisha unavinjari na utarudi mikono mitupu. Siku hiyohiyo futa ulivyomaliza, na vile usivyovigusa kwa wiki tatu vifute pia, kwa sababu hutavisoma. Vya kudumu nakili kwenye flashi. Usitegemee huduma za kukutunzia makala mtandaoni: Pocket, iliyokuwa maarufu kuliko nyingi, ilifungwa na Mozilla mwaka 2025, na waliokuwa wamehifadhi orodha za miaka walipewa muda wa kuzihamisha.

Limebaki swali ambalo huulizwa kwa kunong'ona: vipi zile PDF za riwaya mpya zinazozunguka Telegram? Sizipendekezi. Mwandishi wa Kiswahili aliye hai anauza nakala chache mno, na wewe ni mmoja wa wanunuzi wachache alionao. Changeni watu wanne wa chumba kimoja, nunueni nakala moja bumu (pesa ya mkopo wa chuo) likiingia, msome kwa zamu. Anayeshika zamu ya kwanza ndiye anayelipia kubandika jalada la nailoni.